Mlango wa Unguja kwa Fondanti: Keki Niliyoipeleka Mashindanoni

Kundi nililoingia katika mashindano ya keki hapa Dar es Salaam lilikuwa la keki za maonyesho zilizofunikwa kwa fondanti, na mada yake ilikuwa majengo ya pwani. Kanuni zilikataa maumbo ya plastiki, utepe wa kitambaa na waya unaochomekwa moja kwa moja ndani ya keki. Ziliruhusu nguzo za ndani mradi zisionekane. Zilitaka angalau ngazi moja iwe keki halisi inayoweza kukatwa. Na zilimpa kila mshiriki nafasi ya meza ya sentimita 60 kwa 60. Ndani ya mipaka hiyo kila mtu alikuwa huru, na uhuru huo uliwapeleka wengi kwenye minara, ngalawa zilizotweka matanga na mapaa ya makuti. Mimi nilichagua mlango.

Sababu ya kwanza ya uchaguzi huo ilikuwa hali ya hewa, wala si mapenzi yangu kwa Mji Mkongwe, ingawa mapenzi hayo ninayo. Fondanti ni sukari ya unga iliyokandwa pamoja na glukosi, gliserini, jelatini na mafuta kidogo, na sukari haivumilii unyevu: huuvuta kutoka hewani na kuushika mpaka yenyewe ilainike na kuanza kunata. Mashindano yalipangwa mwezi Machi, wakati ambapo joto la mchana jijini hufika nyuzi 32 na unyevu wa asubuhi hupita asilimia 80. Katika hali hiyo mnara mwembamba wa fondanti huinama polepole bila mwenyewe kutambua, tanga hulegea, na sanamu ya mtu hupiga magoti kabla majaji hawajaingia ukumbini. Nakshi iliyolala juu ya ukuta haina shida hiyo, kwa kuwa kila kipande kinabebwa na kilicho nyuma yake. Tena nakshi ya kina kifupi hupata uzuri wake kutokana na kivuli, na kivuli hakinunuliwi Kariakoo.

Mtu aliyezoea vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, anajua kwamba milango yake haifanani. Ipo ile ya mtindo wa Kiarabu, ambayo kizingiti chake cha juu ni ubao ulionyooka. Ipo iliyokuja baadaye kwa athari za Kihindi, ambayo juu yake pana nusu duara iliyojaa majani na maua. Na ipo ya Kigujarati, ambayo mbao zake zimegawanywa katika miraba midogomidogo. Karibu zote zina miimo miwili iliyochongwa, kizingiti, na katikati mfaa, yaani ule mti unaosimama pale mbao mbili zinapokutana. Mnyororo huchongwa kwenye ukingo wa nje wa miimo. Ndani yake hupanda waridi, mtende, yungiyungi, na chini kabisa pengine samaki mwenye magamba. Njumu za shaba zilizochongoka, yaani vile vichwa vya misumari vinavyotokeza mbele ya mbao, asili yake ni India, ambako inasemekana ziliwekwa ili tembo wa vita wasiuegemee mlango na kuuvunja. Unguja haikuwahi kuvamiwa na tembo, lakini njumu zilibaki kwa sababu zinapendeza.

Nilichukua mtindo wa Kiarabu wenye kizingiti kilichonyooka, kwa kuwa mstari ulionyooka hauna pa kujificha na majaji wanalijua hilo. Kwenye milango mingi ya aina hiyo kizingiti hubeba maandishi ya Kiarabu, mara nyingi aya ya Kurani pamoja na mwaka wa kujengwa nyumba. Hapo sikufuata asili. Keki hukatwa, huliwa, na makombo yake hutupwa, kwa hiyo haikunijia hata kidogo kuandika aya juu yake, na sidhani kama jirani yangu yeyote angenielewa. Mahali pa maandishi niliweka safu ya waridi zilizounganishwa kwa mashina.

Umbo la jumla lilijitokeza lenyewe mara nilipokumbuka kwamba nyumba ya pwani haina mlango tu, ina na baraza. Ngazi ya chini ikawa baraza: mraba wa sentimita 30 wenye kimo cha sentimita 8, na hiyo ndiyo keki halisi, yenye iliki na ganda la chungwa. Juu yake ikasimama nyumba, mraba wa sentimita 18 wenye kimo cha sentimita 30, nayo ilikuwa foromu nyeupe ile inayofungiwa televisheni mpya, isipokuwa hii ni ya kununua ikiwa imekatwa tayari. Wapo wanaosema foromu ni udanganyifu. Mimi sikubaliani nao, maadamu kanuni zimeruhusu na kazi inayopimwa ni ya mkono juu ya fondanti, kwani foromu haimsamehei mtu chochote: pembe zake ni kali mno na huikata fondanti kutoka ndani, kwa hiyo ni lazima zipigwe msasa laini mpaka zipoteze ukali kwa milimita moja hivi, vumbi lake lifutwe, kisha uso mzima upakwe mafuta ya kupikia ya mgando kidogo sana ili fondanti ishike bila kuteleza.

Kuhusu fondanti yenyewe, wengi wetu tulijifunzia ile ya mashimelo, ambayo ni gramu 450 za mashimelo zilizoyeyushwa kwa vijiko viwili vya maji na kukandwa na karibu gramu 900 za sukari ya unga. Ni nzuri kwa keki ya kuzaliwa ya mtoto na ladha yake huipita ile ya dukani. Kwa mashindano ya mwezi Machi siipendekezi, kwa sababu hulainika upesi zaidi na pembe zake hujiviringa. Nilinunua fondanti ya kopo, na hapo pana jambo ambalo mwokaji wa pwani hawezi kulipita juujuu, nalo ni jelatini. Baadhi ya fondanti na karibu mashimelo yote yana jelatini, na jelatini inaweza kuwa ya ng'ombe, ya samaki au ya nguruwe. Asiyesoma kopo anaweza kuwapelekea majaji na wageni kitu ambacho nusu yao hawatakigusa, na watakuwa na haki. Zipo fondanti zinazotumia gundi za mimea badala ya jelatini, na kopo huandikwa waziwazi.

Ukuta nilioufunika kwanza ulikuwa wa nyuma. Nina imani kwamba upande wa nyuma ndio unaomwambia jaji mtu ni fundi wa namna gani, na kwa hiyo niliutengeneza mkono ukiwa bado haujachoka. Fondanti nyeupe niliitia tone la rangi ya pembe ya ndovu ili ifanane na chokaa iliyokaa, nikaisukuma mpaka unene wa milimita 3 au 4, nikakata mabamba manne na kuyabandika upande kwa upande badala ya kutupia shuka moja juu ya nyumba nzima. Shuka moja kwenye mraba mrefu namna hiyo huvutwa na uzito wake, hunyooka kwa chini, na kwenye pembe za juu hutoa zile nyufa ndogondogo ambazo hakuna kibao cha kulainishia kinachozifuta. Mabamba huacha maungio kwenye pembe, ni kweli, lakini maungio hufichwa kwa kidole chenye mafuta kidogo na subira. Mapovu ya hewa yalitobolewa kwa sindano iliyolazwa, haikusimamishwa, ili tundu lizibwe kwa kupitishwa kibao mara moja. Kisha nikaukwaruza ukuta hapa na pale kwa sponji kavu, kwa sababu kuta za matumbawe na chokaa hazijawahi kuwa laini tangu zilipojengwa.

Mlango ulitengenezwa peke yake, mezani, siku kadhaa kabla. Fondanti yake ilichanganywa na unga wa CMC, ambao ni gundi ya chakula itokanayo na selulosi ya mimea, kijiko kimoja cha chai kwa kila gramu 250; unga huo huifanya ikauke na kuwa ngumu huku ikiacha muda wa kutosha wa kuichonga. Rangi ya mbao sikuipata kwa kumimina rangi ya kahawia kwenye fondanti nyeupe, maana rangi nyingi huleta maji na maji huleta ulegevu; nilianza na fondanti ya chokoleti, nikaongeza unga wa kakao, na kuifunika usiku kucha, kwa kuwa rangi iliyokolea huendelea kukolea yenyewe na mtu anayeihukumu palepale huishia kuwa na mlango mweusi.

Kabla ya hapo nilikuwa nimekwenda Unguja kumwona mzee mmoja mchonga milango, ambaye nilimwamkia na kumweleza kwamba nataka kuuchonga mlango wake kwa sukari. Alicheka, akanitazama kwa muda, kisha akasema: "Mwanangu, watu wakija hapa wanaanza na maua. Wewe anza na mfaa. Mfaa ukipinda, maua yote yatapinda nao." Akanionyesha jinsi anavyopiga mstari wa katikati kwanza, na jinsi ua moja linavyochorwa nusu upande huu na nusu upande ule, kila mpigo wa patasi ukifuatiwa na mwenzake wa upande wa pili kabla mkono haujahama. Ndivyo nilivyofanya. Mfaa wangu ulikuwa ukanda wa fondanti wenye upana wa milimita 14 na unene wa milimita 6. Nilichora mstari wa katikati kwa uzi uliopakwa konifulawa, ambao huacha alama nyeupe inayofutika, kisha kwa kisu chembamba nikakata jani la kushoto na papo hapo la kulia, nikiegemeza kisu ili ukingo mmoja uzame na mwingine ubaki juu. Kalibu za silikoni zipo, na zipo zenye nakshi zinazokaribia kabisa za Unguja. Nilizitumia kwa mnyororo wa pembeni tu, ambako kurudiarudia ndiko kunakotakiwa. Nakshi ya kalibu ina kina kimoja kila mahali, ilhali nakshi ya kisu hupanda na kushuka, na mwanga ukija kwa ubavuni tofauti hiyo huonekana na mtu yeyote, hata asiyejua kuoka.

Kila kipande kilipokamilika kilihamishiwa kwenye ubao wa sifongo ili kikauke juu na chini kwa pamoja. Kipande kinachokaushwa juu ya kigae hukauka upande mmoja, na upande huo hujikunja. Baada ya kukauka nilipitisha brashi kavu yenye unga wa rangi ya kahawia iliyoiva ndani ya mifereji, na juu ya vilele nikapitisha kidogo rangi ya asali, ili mbao zionekane zimeguswa na mikono ya watu kwa miaka mingi.

Njumu ndizo nilizozifurahia kuliko yote. Kila moja ilikuwa tone la fondanti ya manjano lenye ukubwa wa punje ya mtama, lililoviringishwa, likachongolewa kati ya vidole viwili, likaketishwa juu ya duara bapa dogo mfano wa sahani yake, kisha likabandikwa kwa gundi ya kuliwa, ambayo si kitu kingine ila CMC iliyolowekwa kwenye maji. Unga wa dhahabu hauchanganywi na maji, kwa sababu maji huyeyusha uso wa sukari na kuacha madoa. Huchanganywa na arki ya limau au kileo kikali kinachoruka haraka. Kwa kuwa arki nyingi za limau nazo zina kileo, nami nilijua watakaoonja, nilipaka unga wa dhahabu ukiwa mkavu juu ya mafuta ya mgando yaliyopakwa kwa ncha ya brashi. Hung'aa pungufu kidogo, na kwa shaba ya mlango wa zamani mng'ao pungufu ndio sahihi.

Juu ya unga huo wa dhahabu sina mzaha. Kopo lililoandikwa "hauna sumu" halisemi kwamba unga huo ni chakula, na tofauti hiyo imewahi kuwaumiza watu: mwaka 2018, katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, watoto waliugua baada ya kula keki ya kuzaliwa iliyopakwa unga wa kung'aa ambao kwa sehemu kubwa ulikuwa shaba halisi. Katika mwaka huohuo mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo ilitoa tahadhari kuhusu mapambo ya namna hiyo. Madukani kwetu vikopo vidogo visivyo na orodha ya viambato vimejaa tele. Mimi hununua kile kinachotaja viambato vyote na kusema wazi kuwa kinaliwa, na kama hakuna, mlango utakaa bila dhahabu.

Baraza lilihitaji akili nyingine, maana hilo lilikuwa keki ya kweli. Krimu ya siagi katika joto la Dar es Salaam hulegea chini ya fondanti na kuifanya ivimbe ubavuni, kwa hiyo niliipaka keki ganashi ya chokoleti nyeusi, sehemu mbili na nusu za chokoleti kwa sehemu moja ya krimu, badala ya mbili kwa moja inayoandikwa kwenye mapishi ya nchi za baridi. Kwa chokoleti nyeupe ningepanda mpaka nne kwa moja. Ganashi ya namna hiyo hukamaa hata nje ya friji, pembe zake hunyolewa kwa kisu cha moto, na usawa wake niliupima kwa pimamaji ya seremala, chombo ambacho kila mwokaji wa mashindano anapaswa kuwa nacho kabla hajanunua kalibu hata moja. Keki iliyofunikwa fondanti ikitoka kwenye friji na kuingia katika hewa yetu hutoka jasho palepale, kwa kuwa mvuke wa hewani hugeuka maji juu ya kitu cha baridi. Dawa yake ni kutoigusa. Inafungwa kwenye boksi la karatasi ngumu ikiwa bado ndani ya friji, inatolewa na boksi lake, na boksi halifunguliwi mpaka keki ilingane joto na chumba. Jasho litakalopenya hukaushwa na feni iliyowekwa mbali, kitambaa hakikaribishwi.

Safari ya kwenda ukumbini sina mengi ya kuieleza. Nyumba na baraza vilisafiri katika maboksi mawili, vikaunganishwa mezani juu ya nguzo tano zilizokwisha kukatwa kwa kimo sawasawa, na ufa wa maungio ukafichwa kwa ukanda wa chokaa uliokuwa umekusudiwa hivyo tangu kwenye mchoro. Atakayeibeba keki iliyokwisha kusimamishwa juu ya matuta ya barabara zetu ana roho ngumu kuliko mimi.

Majaji walikuwa watatu. Mmoja wao alianza kwa kuinama na kutazama ubao wa chini, ambao nilikuwa nimeufunika fondanti ya rangi ya mchanga na kuupiga alama za mawe ya kichochoro. Kisha akawasha tochi ya simu, akailaza karibu na ukuta na kuizungusha polepole pande zote nne. Mwanga wa namna hiyo hutoa kila alama ya kidole na kila tone la gundi lililotoka nje ya mstari. Waliuliza kwa nini kizingiti hakina maandishi, nikaeleza, na mmoja akatikisa kichwa kwa kukubali bila kuandika lolote.

Nilipata nafasi ya pili. Ya kwanza ilikwenda kwa mnara wa taa wa baharini, mfupi, mnene, uliosimama wima kabisa katika ukumbi ambamo minara mingine yote ilikuwa imekwisha kuegemea upande mmoja, na sina neno dhidi ya uamuzi huo. Jambo ninalotamani lirekebishwe ni namna ya kutoa tuzo. Katika maonyesho ya Cake International kule Birmingham, Uingereza, kila kazi hupimwa kwa kiwango kilichowekwa, na zote zinazokifikia kiwango cha dhahabu hupewa dhahabu, ndipo washindi wa nafasi watafutwe miongoni mwao. Mshiriki huondoka akijua kazi yake imefika wapi. Kwetu anayeshika nafasi ya nne huondoka na picha za simu.

Kwa mashindano yajayo nimekwisha kuchora mlango wa mtindo wa nusu duara. Tatizo lake ni kwamba upinde wa fondanti yenye CMC husinyaa unapokauka, na kwenye mstari ulionyooka upungufu huo hauonekani, lakini kwenye nusu duara miguu miwili ya upinde husogeleana na kuacha pengo dhidi ya miimo. Ninajaribu kuukausha ukiwa umezungushwa kwenye ukingo wa sufuria lenye kipenyo kilichozidi kidogo kile ninachokihitaji, na vilevile kuukata katika vipande vitatu vyenye maungio chini ya majani, kama wachongaji wenyewe wanavyoficha maungio ya mbao. Njia ya vipande vitatu mpaka sasa inatoa upinde unaokaa vizuri zaidi, ingawa jani la katikati bado ni lazima lichongwe baada ya kubandikwa, likiwa limesimama, na mkono hauna pa kuegemea.